Hongo, Posho na Daftari: Nani Alitia Sahihi kwa Niaba ya Kijiji cha Katanga?

Wengi wanaoandika juu ya migodi ya Katanga huanza na mwaka 1906, mwaka ambao kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa. Mimi naomba kurudi nyuma kidogo, kwa sababu swali la insha hii ni la zamani kuliko kampuni hiyo. Mtu anapotoka mbali kuja kuchimba mali iliyo chini ya kijiji cha wengine, anawapa nini wenye kijiji? Na ahadi yake inawekwa wapi ili isipotee? Siku hizi katika nchi nyingi jibu huandikwa katika mkataba wa manufaa kwa jamii. Kwetu Kongo sheria imeupa jina la Kifaransa, cahier des charges, nami nitauita daftari la majukumu.

Shaba ya Katanga ilichimbwa na kuyeyushwa karne nyingi kabla ya Mbelgiji wa kwanza kufika. Misalaba midogo ya shaba ilitumika kama fedha na kama mahari, na leo mtu anaweza kuiona katika majumba ya makumbusho. Machifu wa Katanga walipeleka sehemu ya shaba yao kwa Kazembe kama kodi. Upande wa mashariki, kwenye njia za misafara ya kutoka pwani, wafanyabiashara walilipa hongo kwa kila chifu ambaye walipita katika nchi yake. Wasomaji wa leo wanapoona neno hongo hufikiria rushwa, lakini katika karne ya 19 lilikuwa jina la malipo ya wazi, yaliyojadiliwa hadharani, wakati mwingine kwa siku kadhaa: vitambaa vingapi, shanga kiasi gani. Mfanyabiashara aliyepita bila kulipa alijua kitakachompata.

Msiri, aliyejenga dola yake Bunkeya, alikuwa mtoto wa njia hizo. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Msumbwa kutoka nchi ambayo leo ni magharibi mwa Tanzania. Sitaki kuupamba wakati wake. Alitoza kwa nguvu, aliuza watu, na mali iliyoingia Bunkeya haikugawanywa kwa kila nyumba. Ninachosema ni kwamba kanuni moja ilijulikana na wote: ardhi ina mwenyewe, na mgeni hukaa naye chini kwanza. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II, baada ya kukataa kuipokea bendera yake. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena vijiji. Mwaka 1900 iliundwa Comité Spécial du Katanga, chombo kilichosimamia ardhi ya Katanga kwa niaba ya dola ya Leopold na kampuni binafsi, na chombo hicho ndicho kilichogawa haki za kuchimba. Kijiji kiliondolewa mezani, na kilikaa nje kwa zaidi ya miaka mia moja.

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na mazungumzo ya mitaani kwetu Lubumbashi. Wazee wengi husema kwamba zamani kampuni ilijali watu. Hawasemi uongo. Miaka ya mwanzo ilikuwa mibaya sana: vijana walichukuliwa kwa mikataba ya miezi michache, walikaa kambini bila familia, na wengi walikufa kwa magonjwa. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni iliona kwamba kuleta watu wapya kila mara kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Lomami, Kasai na hata Ruanda-Urundi ni gharama kubwa. Ikaamua kumfanya mfanyakazi akae. Karibu na mwaka 1928 mikataba ya miaka mitatu ilikuwa imeanza kuwa kawaida, wake walikaribishwa kambini, zikajengwa nyumba, zahanati za mama na mtoto, na shule zilizosimamiwa na wamisionari Wabenediktini. Posho ilipimwa kwa kichwa: sehemu ya baba, sehemu ya mama, sehemu ya kila mtoto. Watoto waliozaliwa katika kambi hizo walikuja kujiita Bana Shaba, watoto wa shaba. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu amelitumia jina hilo katika kitabu chake cha mwaka 2001, ambacho kichwa chake kinawaita watoto walioachwa na baba yao.

Neno baba lina uzito wake. Baba halipi, baba anatoa. Watoto hawamshitaki baba kwa sababu ametoa kidogo. Mnamo Desemba 1941, katikati ya vita vya dunia, bei zikiwa zimepanda, wafanyakazi Waafrika wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 Desemba huko Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, askari waliwafyatulia risasi wagomaji waliokusanyika katika uwanja wa mpira. Makumi waliuawa, akiwemo Léonard Mpoyi aliyekuwa akizungumza kwa niaba yao. Siku iliyotangulia watu hao walikuwa na posho, nyumba na zahanati. Kitu walichokosa ni haki ya kukaa mezani na kusema kiwango hiki hakitoshi.

Na hao ni wale wa ndani ya kambi. Nje ya uzio palikuwa na vijiji ambavyo mashamba na mito yao ilikuwa imeingia katika eneo la kampuni. Wanakijiji waliuza mahindi na mihogo mjini, walisikia king'ora cha kiwanda, waliona moshi, lakini posho haikuwahusu. Kwa hiyo tunaposifu ukarimu wa kampuni tuulize kwanza tunazungumza juu ya nani. Mfanyakazi aliyetoka Kasai alipata nyumba yenye bati. Msanga ambaye babu zake walikuwa wameyeyusha shaba ileile hakupata, isipokuwa akiajiriwa. Ugomvi wa wenyeji na wageni ambao umeitesa Katanga tangu wakati wa uhuru, na ambao mwanzoni mwa miaka ya 1990 uliwafukuza Wakasai wengi sana kutoka Likasi na Kolwezi, una mizizi mingi, ya siasa zaidi, lakini mmoja wapo umeanzia hapo.

Uhuru haukubadilisha jambo hili kama tunavyotarajia. Mwaka 1966 sheria iliyojulikana kama Bakajika ilitangaza kwamba ardhi na madini ni mali ya Dola, mwanzoni mwa mwaka 1967 Union Minière ikataifishwa, na miaka michache baadaye kampuni ya Dola ikaitwa Gécamines. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilikazia kwamba udongo wote ni wa Dola. Ilikuwa ushindi juu ya Brussels, na nisingependa kuudharau. Lakini ukiwa umesimama kijijini, mwenye nyumba mpya alikuwa mbali vilevile: zamani alikuwa Brussels, sasa alikuwa Kinshasa. Mapato ya shaba yalilisha bajeti ya nchi nzima, na posho ya kambini iliendelea kwa mtindo uleule wa baba na watoto.

Kisha baba akaugua. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka, na katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Mishahara ilikaa miezi mingi bila kulipwa. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Shule na hospitali zilizokuwa za kambi zilibaki na walimu na waganga wasiojua mwisho wa mwezi watapata nini. Hakukuwa na karatasi ambayo mtaa ungeweza kuichukua na kwenda nayo mahakamani kusema: hapa mliahidi zahanati, iko wapi? Mfanyakazi alikuwa na mkataba wake wa kazi. Mtaa haukuwa na kitu.

Sheria ya madini ya Julai 2002 ilifungua mlango kwa makampuni binafsi, na yalikuja mengi. Hayakutaka kuwa baba. Yalitaka kuchimba na kulipa kodi, na kwa upande wa vijiji yalichimba visima, yakapaka rangi madarasa, yakapiga picha. Mgodi wa Tenke Fungurume, ulioanza kutoa shaba mwaka 2009 katika eneo lenye zaidi ya kilomita za mraba 1,500, ulikwenda mbele ya wengi: ulikuwa na mfuko wa jamii uliopokea asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo. Namba hiyo ikumbukwe, maana ndiyo tunayoikuta tena tarehe 9 Machi 2018, siku ambayo sheria mpya ya madini ilitiwa sahihi.

Sheria hii ya 2018 ndiyo kiini cha insha yangu. Kwanza iligawa mrabaha upya: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa mji, sekta au himaya ya chifu ambako mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Pili, ililazimisha kila kampuni inayochimba kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kila mwaka kwa miradi ya jamii, fedha zinazosimamiwa na chombo ambacho ndani yake wamo wajumbe wa kampuni na wa jamii. Tatu, ilidai daftari la majukumu, yaani makubaliano ya miaka mitano kati ya kampuni na jamii zilizoguswa na mradi, yenye orodha ya miradi, gharama na tarehe.

Tufanye hesabu ndogo ya mfano, kwa sababu asilimia hudanganya macho. Chukua mgodi unaouza tani 100,000 za shaba kwa mwaka kwa bei ya dola 8,000 kwa tani. Mauzo ni dola milioni 800. Mrabaha wa asilimia 3.5 ni milioni 28, na humo serikali za chini hupata milioni 4.2. Asilimia 0.3 ya jamii ni milioni 2.4. Kwa kijiji chenye zahanati ya udongo, milioni 2.4 ni fedha ambazo hakuna mtu ameziona. Kwa mgodi ni kama chumvi kwenye chungu. Kauli hizi mbili ni za kweli kwa wakati mmoja, ndiyo maana mazungumzo mezani huwa magumu: upande mmoja unaona umetoa sana, upande mwingine umeliona shimo na unajua ukubwa wake.

Majirani zetu wamepita njia zinazofanana. Tanzania ilikuwa na mikataba ya migodi mikubwa ya dhahabu iliyoweka ukomo wa dola 200,000 kwa mwaka kama malipo kwa halmashauri. Baada ya malalamiko ya miaka mingi migodi ikaanza kulipa ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo, na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 yakataka mpango wa mgodi wa kuisaidia jamii ukubaliwe na halmashauri kila mwaka. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2016, iligawa mrabaha asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Mgodi wa titani wa Kwale ulikuwa umeanza kazi mwaka 2013, kabla ya sheria hiyo, na ulifunga uchimbaji mwishoni mwa 2024. Mgodi mzima ulizaliwa na kuzeeka ndani ya miaka kumi na moja! Sheria inayochelewa miaka mitatu imekwisha kupoteza robo ya maisha ya mgodi kama huo.

Lakini kuna jambo ambalo katika Katanga limekaa vibaya kuliko mahali pengine, nalo ni lugha. Kifaransa ni lugha rasmi ya nchi. Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba ni lugha za taifa, kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2006. Daftari huandikwa kwa Kifaransa. Katika mwaka wangu wa pili wa masomo nilimsindikiza mjomba wangu, mwalimu wa shule ya msingi, kwenye mkutano katika kijiji kimoja kilicho kando ya barabara ya Likasi kwenda Kolwezi. Ofisa wa kampuni alisoma kurasa kwa muda mrefu. Kijana wa kutafsiri alisema sentensi tatu. Moja ilikuwa kwamba kampuni itajenga shule. Mama mmoja wa makamo, aliyekaa chini pamoja na wanawake wengine nyuma ya mabenchi, alisimama akauliza: "Papa, ni kujenga ao ni kusaidia kujenga?" Watu walicheka. Mfasiri alisema ni kitu kilekile. Mjomba, aliyepewa nakala kwa kuwa anajua kusoma Kifaransa, aliinama akanionyesha mstari: neno lililoandikwa lilikuwa appui, msaada. Msaada kwa shule. Alinyanyua mkono akaeleza, na mkutano ukakawia saa nzima juu ya neno hilo moja. Mwishowe ilikubaliwa idadi ya vyumba vya madarasa iandikwe. Ofisa hakukasirika, niseme ukweli. Alionekana kama mtu ambaye hakuwahi kuulizwa.

Nimelifikiria swali la yule mama nikisoma historia ya lugha yetu. Kiswahili kilienea katika kambi za Katanga kwa sababu kampuni na serikali ya kikoloni zilikihitaji. Mwanzoni kazini palisikika lugha ya mchanganyiko iliyotoka migodi ya kusini mwa Afrika. Baadaye, pamoja na sera ya kumfanya mfanyakazi akae, Kiswahili kikachaguliwa kuwa lugha ya kambi na ya shule za chini. Johannes Fabian ameieleza habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni. Kilikuwa Kiswahili cha kuamrisha: njoo, beba, chimba, nyamaza. Vitabu vidogo vilivyotungwa kwa ajili ya mabwana wa kazi vimejaa vitenzi vya amri. Karibu miaka mia imepita. Kiswahili kimekuwa lugha ya muziki, ya soko, ya kanisa, ya mapenzi na ya matusi kutoka Kasumbalesa hadi Kalemie. Kila mkutano wa daftari hufanyika kwa Kiswahili, maana bila hicho hakuna atakayeelewa. Sahihi peke yake ndiyo imebaki katika Kifaransa.

Kwa mtazamo wangu, tofauti kati ya posho na daftari haiko katika ukubwa wa kinachotolewa. Kwa familia moja ya kambini, Union Minière ilitoa zaidi ya kile ambacho kijiji cha leo kitapata kwa asilimia 0.3. Tofauti ni kwamba daftari lina pande mbili, na upande wa pili unaweza kusema hapana. Upande huo ukitia sahihi neno usilolielewa, tumerudi kambini kwa mlango wa nyuma.

Kuna anayeweza kunijibu kwamba shida kubwa si lugha, ni watu. Chifu hutia sahihi peke yake, au anachagua wajumbe miongoni mwa ndugu zake. Vijana waliokuja kutoka mikoa mingine kuchimba kwa mikono hawahesabiwi kama jamii, ingawa wako wengi na watoto wao wanasoma hapo. Wanawake huitwa kwenye mkutano kupika. Nakubali yote. Lakini angalia namna mambo haya yanavyoshikana. Anayejua Kifaransa ndiye anayekuwa mjumbe, naye kwa kawaida ni mwanamume, mara nyingi anaishi mjini na hurudi kijijini kwa mazishi. Chifu anayeelewa daftari peke yake, au anayedhaniwa kulielewa, hana wa kumdhibiti. Yule mama wa benchi la nyuma aliweza kuligusa daftari mara moja tu, kwa bahati kwamba mwalimu mmoja alikuwa na nakala mkononi.

Madaftari mengi ya kwanza ya Lualaba na Haut-Katanga yalitiwa sahihi mwanzoni mwa miaka ya 2020, kwa hiyo muhula wake wa miaka mitano unafika mwisho mmoja baada ya mwingine, na vijiji vinaitwa tena mezani. Safari hii wanakijiji wanajua kitu ambacho hawakukijua mara ya kwanza: visima vipi vinatoa maji na vipi vilikauka, zahanati ipi ilijengwa bila dawa, mradi upi uliandikwa na haukuonekana. Ningependa wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vyetu, ambao tunatafsiri hadithi na mashairi kila muhula ili kupata alama, tupewe kurasa hizo tuzitafsiri. Appui tuiandike msaada, construction tuiandike kujenga, na pale ambapo Kifaransa chenyewe kinajificha, tuweke alama ya kuuliza pembeni. Kisha nakala ibandikwe ukutani pa shule na pa kanisa wiki mbili kabla ya mkutano, kwa herufi kubwa, ili hata anayeketi nyuma aje akiwa ameshaisoma au amesomewa na mwanawe.